Jina la Baba Hewani

Wiki iliyopita kijana mmoja alikuja kuniwekea intaneti nyumbani. Alitoboa ukuta, akapitisha waya wake mweupe nyuma ya kabati, kisha akachomeka ruta kwenye umeme. Taa zikaanza kuwaka moja moja, na baada ya dakika chache nikaisikia ile harufu ya plastiki mpya inayopata moto kwa mara ya kwanza. Si harufu mbaya. Wengine huipenda kwa sababu ni harufu ya kitu kipya. Mimi nilienda kufungua dirisha.

"Madam, jina la wifi tuweke gani?" akauliza, kidole kikiwa tayari juu ya simu yake. "Wengi huweka tu jina la familia."

Nikamwambia aliache lile lililotoka kiwandani, lile la herufi na tarakimu zisizo na kichwa wala miguu. Akacheka, akasema naogopa watu. Kwa kiasi fulani alikuwa amesema kweli.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka jinsi wifi ya nyumbani ilivyokuwa jambo la kutangazwa. Mgeni hajakaa vizuri kwenye kiti, anauliza kama mko nayo. Sisi tuliipata kabla ya wote katika safu yetu ya nyumba pale West Indies, Eldoret, nami nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ingekuwa haki niwe mtoto mwenye furaha kuliko wote mtaani. Badala yake nilikuwa na wivu kuanzia asubuhi hadi jioni, na wivu huo ulikuwa na jina: Jerono.

Jerono aliishi ng'ambo ya ua wetu wa kayaba. Mama yake alikuwa na ng'ombe wa maziwa kwenye shamba lao la Soy, ambako baba yake alishinda wiki nzima, kwa hiyo pale mtaani tulimjua zaidi Mama Jerono. Tulikuwa darasa moja, mimi na Jerono, darasa la saba. Alinizidi miezi mitano tu ya umri, lakini alinizidi katika kila kitu kingine: hesabu, mbio, nywele, hata mwandiko. Tulikuwa marafiki wa kutoboa ua. Kulikuwa na mwanya kwenye kayaba tuliokuwa tukipita kwa kutambaa, na miiba yake imeniachia alama hadi leo kwenye bega. Nilimpenda. Lakini kumpenda hakukunizuia kumwonea wivu. Nadhani ndiko kulikouchochea.

Na kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba baba yangu alimpenda pia.

Baba alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili karibu na mji. Alitoka upande wa ziwa akiwa kijana, akapangiwa kazi Uasin Gishu, akakaa. Aliwaamkia mama wauza mboga kwa Kinandi chenye lafudhi ya Kijaluo mpaka wakacheka, naye akacheka zaidi yao. "Mimi ni mtu wa hapa," alikuwa akisema, na alimaanisha. Alikuwa na hadithi moja aliyoirudia kila Krismasi mbele ya wageni, nayo ilikuwa ya wakati wa vita vya uchaguzi, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Moshi ulikuwa kila upande. Watu waliandika majina kwenye mageti yao ili wenye viberiti wajue nyumba ya kuchoma na ya kuruka. Baba alichukua chaki ya shule, akaandika kwenye geti letu jeusi, kwa herufi kubwa: MWALIMU OWITI. Wakati ule watu wa kabila letu na wenyeji wa pale walikuwa wamepiga kura upande mmoja, na jina kama letu lilikuwa ulinzi tosha. Vijana wakafika, wakasoma, wakapita.

"Jina langu lilisimama getini kama askari," Baba angesema, na wageni wangepiga makofi mapajani. Hakuwa akisimulia sana habari za nyumba ya tatu kutoka kwetu, ambayo mwenyewe alikuwa wa upande mwingine na hakuwa na jina la kuandika. Ile iliungua. Mimi niliijua kama magofu ya kuchezea, na sikuwahi kuuliza ilikuwa ya nani.

Basi siku fundi alipoleta ruta na kumwuliza Baba jina, Baba alisimama wima kana kwamba anaapishwa.

"Andika Mwalimu Owiti. Kwa herufi kubwa."

"Na password, Mwalimu?"

"Inaitwa nywila. Usiweke. Mlango wa mwalimu haufungwi."

"Watakumaliza, Mwalimu," fundi akasema, lakini akafanya alivyoambiwa.

Na kweli walimmaliza. Wiki haikuisha kabla ua wetu haujapata wapenzi. Waendesha bodaboda walikuja kupumzisha pikipiki zao pale nje, wakipumzika saa mbili nzima. Wanafunzi wa chuo walikaa kwenye mtaro wakiangalia mpira. Dada wa kazi wa nyumba ya kona alikuwa anakuja na beseni la nguo, anajifanya anatafuta jua. Baba, ambaye aliiweka intaneti ile kwa sababu alikuwa anasomea shahada nyingine kwa mtandao, alikuwa anabonyeza ukurasa mmoja, anaenda kunywa chai, anarudi, ukurasa haujafunguka. Siku ya nane alitoka nje na kandambili mkononi, akapiga kelele kama anayefukuza kuku. Walitawanyika, wakarudi.

Nilimwambia, "Baba, mimi naweza kuweka password."

"Akinyi, wewe utaharibu. Rimoti tu ilikushinda." Kisha akaenda hadi kwenye kayaba, akaita, "Jerono! Hebu njoo uniokoe, binti yangu."

Binti yangu. Nilikuwa nimekaa mezani na kitabu cha sayansi, na nakumbuka nilibonyeza penseli mpaka ncha ikavunjika.

Kaka yake Jerono alikuwa anasomea kompyuta chuo kikuu, naye alikuwa amemfundisha. Jerono alikuja akiwa amenawa mikono, akakaa kwenye kiti changu, akapindua ruta na kusoma kibandiko cha chini. Kisha akafungua ukurasa wa ndani wa ruta kwenye kompyuta ya Baba na kuanza kueleza, polepole, kama yeye ndiye mwalimu.

"Mwalimu, hii kitu iko na lock mbili. Kuna ya watu wanaingia kwa wifi, na kuna ya ruta yenyewe. Watu hufunga hiyo ya kwanza, wanasahau hii ingine. Ona, hii ya ndani bado ni ile ya kiwanda. Mtu akiingia hapa anabadilisha kila kitu, anakufungia nje ya nyumba yako."

"Kufuli mbili," Baba akarudia, akaandika kwenye daftari. Baba yangu, aliyewatungia mitihani watoto wa wilaya nzima, alikuwa anaandika maneno ya Jerono kwenye daftari.

"Ya wifi iwe ndefu. Isikuwe jina ya mtoto wako, isikuwe birthday. Hizo ndio watu hujaribu kwanza."

Nilikuwa nimeshaliona kichwani jina langu likiandikwa pale. Nilikuwa nimejiandaa hata kuona haya kidogo. Wakachagua methali badala yangu, maneno yote yameunganishwa na namba mbili mwishoni, na Baba akacheka kwa raha, akasema akili nywele, kila mtu ana zake, na za huyu mtoto ni ndefu. Mama akaleta chai. Alimpa Jerono chapati ya katikati ya rundo, ile laini isiyopata baridi wala kukauka, ambayo kwetu ilikuwa ya mgeni au ya mgonjwa. Mimi nilipewa ya juu.

Nywila ya kufuli ya pili, ile ya ruta yenyewe, Baba aliiandika kwenye karatasi ndogo, akaichomeka ndani ya kamusi yake, mahali pa herufi N. Hakunificha. Mbele ya mtu usiyemdhania kitu, unaficha nini?

Miezi ya kampeni ikafika. Malori ya vipaza sauti yalipita, watu wazima walianza kunyamaza watoto wanapoingia sebuleni, na bado sikuona lolote la ajabu. Jioni moja Mama Jerono alipita na chupa yetu ya maziwa, lakini hakuondoka. Alimwita Baba kando, karibu na mlango wa jikoni. Nilikuwa kwenye korido.

"Mwalimu, hiyo jina yako ya wifi inaonekana mpaka kwa barabara. Hata mimi naiona kwa simu nikiwa jikoni yangu. Saa hii si poa. Wacha Jerono akuje aitoe."

Baba akacheka. "Mama Jerono, jina hili ndilo lilituokoa. Unajua hiyo hadithi."

"Hiyo ilikuwa ile wakati. Saa hii ni ingine, na wewe unajua."

Baba hakucheka tena. Akasema haya, aje aitoe.

Nilisikia kila neno na sikuelewa hata moja. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba safari hii watu wa kabila letu na wenyeji walikuwa pande mbili tofauti. Nilichokisikia mimi ni jirani akisema jina letu linamfikia hadi jikoni na anataka liondolewe. Nilidhani wanaona aibu kuishi karibu nalo. Au wanaona wivu, maana wao walikuwa wanatumia wifi yetu kwa hisani ya Baba na hawakuwa na ya kwao yenye jina. Mwenye wivu huona wivu kila mahali. Nilikuwa nimempa Mama Jerono ugonjwa wangu.

Jerono alipokuja kulitoa, nilimsimamia nyuma ya kiti.

"Mbona unatoa jina letu?"

"Nimetumwa."

"Mnatuonea wivu tu. Nyinyi hamna."

Aligeuka akanitazama, si kwa hasira. "Akinyi, wewe bado mtoto," akasema, akarudi kwenye kazi yake. Akarudisha lile jina la kiwandani, herufi na tarakimu. Angenitukana ningesahau. Lile neno "mtoto" kutoka kwa mtu aliyenizidi miezi mitano lilikaa kwangu wiki tatu nzima, nikilala nalo na kuamka nalo.

Wiki ya kura nusu ya safu yetu ilihama. Watu walifunga milango, wakapanda mabasi na magodoro yao kwenda magharibi, wakisema wanaenda kusalimia nyumbani. Mama alipanga mkoba, akauweka nyuma ya mlango. Baba alikataa katakata. "Watoto wao nimewafunza mimi. Nani atanigusa?" Tukabaki. Maduka yalifungwa, tukala sukuma wiki na ugali siku nne mfululizo, televisheni ikiwaka mchana kutwa na namba zikipita chini ya skrini.

Matokeo yalipotangazwa kwamba upande wetu umeshindwa, Baba alizima televisheni. Kesho yake asubuhi alikuwa bado amekaa kwenye kiti kilekile, chai imeganda utando juu. Mama alikuwa chumbani anasali kwa sauti ya chini. Hakuna aliyenisemesha. Na kutoka ng'ambo ya kayaba nilisikia redio ya Mama Jerono imefunguliwa mpaka mwisho, watu wanaimba, wageni wamekuja kutoka Soy, harufu ya nyama inapita miibani, na katikati ya sauti zote nikaitambua ya Jerono. Alikuwa anacheka.

Nilimwonea wivu wa kicheko. Kwetu kulikuwa kimya kama kwenye matanga, na yeye alikuwa anacheka. Alikuwa na hesabu, mbio, sifa za baba yangu, chapati ya katikati, na sasa hata siku ile ilikuwa yake.

Nikachukua kamusi kwenye rafu, nikafungua herufi N.

Ningependa kuwaambia kwamba nilifanya kwa sababu nilitaka kutulinda. Robo yake ni kweli. Nilikuwa nimelelewa na hadithi ya chaki. Niliamini kabisa kwamba jina la Baba likisimama nje, ubaya wote utapita. Nilidhani pia kwamba ndilo analolilia pale kitini. Lakini robo tatu ilikuwa Jerono. Niliingia chumbani kwangu na kompyuta, nikafungua ule ukurasa wa ndani kama nilivyomwona akifungua, nikaandika nywila ya kufuli ya pili, na mlango ukafunguka. Sikuamini ilivyokuwa rahisi. Nilifuta zile herufi na tarakimu, nikaandika MWALIMU OWITI. Kisha nikabadilisha na nywila ya wifi, nikaweka jina langu mara tatu mfululizo, ili simu ya kwa kina Jerono ifungiwe nje. Nilibonyeza pa kuhifadhi, nikarudisha karatasi mahali pake, nikaketi kitandani moyo ukinidunda kwa furaha. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimemshinda.

Haikupita saa moja. Vijana wa kusherehekea walikuja kwa barabara yetu, mchana kweupe, na matawi ya miti mikononi, filimbi na mavuvuzela. Walisimama karibu na nguzo ya stima mbele ya geti letu kupumua. Nilikuwa dirishani. Mmoja aliinua simu yake juu, akaizungusha hewani.

"Hapa kuna wifi, maze. Aah, imefungwa." Akasoma. "Mwalimu Owiti. Owiti ni nani hapa?"

Wakacheka. Mwingine akaanza kuimba jina letu, akilivuta kama wimbo wa mpira. "Owitiii! Toka nje tukupe pole!" Geti likatikiswa, mara moja, mara ya pili.

Nilingoja wapite. Hadithi ilikuwa hivyo: wanafika, wanasoma, wanapita. Walikuwa wamefika, walikuwa wamesoma. Hawakupita. Geti likatikiswa tena, na Mama akatoka chumbani mbio, akanivuta hadi kwenye korido, akaketi karibu yangu. Baba alisimama katikati ya sebule na kiatu kimoja mkononi. Uso wake sikuwa nimewahi kuuona kabla ya siku ile. Baba yangu aliogopa, na nilikuwa nimemwogofya mimi.

Kisha tukasikia sauti ya Mama Jerono huko nje, kwanza kwa Kinandi, kali, halafu kwa Kiswahili.

"Owiti gani? Hapa ni kwangu! Hii geti yote ni kwangu!"

"Mama, jina iko hapa kwa simu."

"Simu yako ni mzee kuliko mimi. Nendeni mkasherehekee huko tao, mnaniamshia mtoto."

Hakukuwa na mtoto wa kuamshwa. Wakacheka, wakamwambia sawa mama, wakasogea hadi kwenye kibanda cha kona, na vuvuzela likaendelea pale. Hawakumgusa mtu. Watu wa Eldoret watawaambia kwamba mwaka ule hakukutokea kitu, na ni kweli. Kwenye magazeti siku yetu ile haikuwa hata mstari.

Baba alipoweza kusema, alichukua simu yake, akatazama orodha ya wifi, akaona jina lake. Alitoka nje moja kwa moja hadi kwenye ua. Mama alimfuata, nami nikamfuata Mama. Mama Jerono alikuwa bado anahema upande wa pili, Jerono amesimama nyuma yake na gauni la sherehe.

"Jerono," Baba akasema, na sauti yake ilikuwa inapanda, "nani alirudisha jina langu?"

"Sijui, Mwalimu."

"Kuna watu wawili wanaojua kufungua mashine hii. Mimi na wewe. Mimi sijafungua."

"Mwalimu, pole pole, wale vijana wako hapo kwa kona," Mama Jerono akasema.

"Nauliza mtoto wako! Alitaka watuone? Alitaka wajue nyumba ni ipi?"

Haikumpitia hata kidogo kwamba ningeweza kuwa mimi. Mtoto ambaye rimoti ilimshinda. Kule kunidharau kwake, kulikoniliza miezi yote ile, ndiko kulikonificha siku ile, nami nikajificha humo nikatulia.

Jerono alinitazama juu ya kayaba. Alijua. Kama si yeye na si Baba, ilibaki nani? Nilimwona akijua, na akaniona nikimwona. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno mawili tu. Sikuyasema, na si kwa woga peke yake. Sehemu ndogo ya moyo wangu, na naisema kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike haya, ilikuwa inafurahia jinsi Baba anavyomtazama.

"Ni mimi, Mwalimu," Jerono akasema. "Nilikuwa natengeneza, nikakosea."

Mama yake alimzaba kofi pale pale. Baba akamshukuru Mama Jerono kwa alilofanya getini, kwa adabu, kama mtu anayemshukuru karani, na akamwambia Jerono asikanyage tena kwake. Kikulacho ki nguoni mwako, alimwambia Mama tulipoingia ndani. Hakujua alivyopatia.

Jioni ile Baba aliniita mezani. Alisema imebidi mtu wa nyumba ajifunze. Tukabadilisha jina na nywila zote mbili pamoja, nami nikajifanya sijui kitu chochote, nikikosea hapa na pale kwa makusudi, na nilipopata mwishoni akaniwekea mkono kichwani akasema, "Kumbe unaweza, binti yangu." Nilikuwa nimelitamani neno lile mwaka mzima. Nililipata, na Mungu anisamehe, lilikuwa tamu.

Shule zilipofunguliwa Jerono alihamia dawati la mbele. Nilimngojea siku moja kwenye ule mwanya wa ua, nimeandaa maneno ya kushukuru, hata machozi yalikuwa tayari. Alinisikiliza mpaka katikati.

"Usijidanganye ati nilikufunikia," akasema. "Baba yako alikuwa anapiga nduru na wale wasee walikuwa hapo kwa kona. Mtu angesema kitu ndio anyamaze. Wewe hungesema." Kisha akaenda kufungua ng'ombe aliyeletwa kutoka Soy.

Nilisimama pale nikamwonea wivu, hata hapo. Wivu wa jinsi alivyofikiri haraka wakati mimi nilikuwa nafikiria nafsi yangu.

Januari iliyofuata Baba aliomba uhamisho. Vita vya kweli, vya moshi na viberiti, havikumtoa Eldoret. Alivikabili kwa kipande cha chaki. Kilichomtoa ni kuamini kwamba mtoto aliyemwita binti yake, wa nyumba aliyoiamini kuliko zote, alimnyooshea kidole mbele ya watu. Tulienda Kisumu na lori la vyombo vyetu. Mama Jerono alisimama getini na chupa ya maziwa ya njiani, na Baba akaipokea bila kushuka. Tangu hapo ameisimulia hadithi hiyo badala ya ile ya chaki. Anaisimulia kwenye harusi na matanga, na huimalizia vilevile: "Hata mtoto. Hata mtoto mdogo waliyemtuma." Mara ngapi nimekaa pembeni nikimwaga chai vikombeni, nikimsikia akiwafundisha binamu zangu kwamba watu wa kule si wa kuaminiwa, na watu pekee wa kule aliowajua vizuri hawakufanya lolote ila kumwokoa mara mbili kwa siku moja, mama getini na binti kwenye ua.

Baba amestaafu sasa. Macho yake si mazuri, lakini husoma kila kitu ninachoandika, na kila Jumapili baada ya kanisa hunipigia simu kunisahihishia Kiswahili. Hata hiki nimemtumia, kabla ya mtu mwingine yeyote. Baba, ni mimi niliyeandika jina lako. Jerono hakukosea kitu.